Mwaliko wa Tatu

Ghamsar, Kashan
Jumapili, tarehe 25 mwezi wa Khordad

Kwa mdogo wangu Esfandiar,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hujambo? Wifi Mehri hajambo? Mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila masikio tu. Tangu Ijumaa alfajiri, ndege zilipoanza kupiga mitambo ya nyuklia kule Natanz, mlango ukijibamiza nyumba nzima inajikunyata.

Najua unashangaa. Miaka minane hujauona mwandiko wangu. Ijumaa nilikupigia simu ikakatika, na tangu hapo haishiki vizuri, kwa hiyo barua hii nampa Ghodrat, dereva wa basi dogo, ambaye bado anakwenda Tehran na kurudi kana kwamba hakuna kitu. Anasema yeye yuko salama kwa sababu basi lake halifikii hata bei ya kombora.

Esfandiar, nasikia Tehran inapigwa. Njooni. Nyumba hii ni yenu, mimi ni bawabu tu. Msimu wa mawaridi umekwisha, vyungu vya marashi nimevizimia moto, nafasi ipo. Na yale ya arobaini ya mama tuyaache. Nilikwambia ukae upande wa juu wa jamvi, penye heshima, ukakataa mara mbili, nami sikukubembeleza mara ya tatu kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Ukavaa viatu ukaondoka. Nilikosea, nakiri. Lakini ulikuwa unapoa kweli.

Dada yako,
Talat


Tehran, Narmak
Jumatatu, 26 Khordad

Dada yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na barua imefika ikinukia marashi na dizeli. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mehri unamsumbua akikaa na akisimama, akilala ni mzima. Alipoona mwandiko wako alilia, mimi nikajifanya natafuta miwani.

Tunashukuru sana kwa mwaliko, lakini hatuwezi kukusumbua. Una magoti yako, una shughuli zako. Sisi tuko sawa. Jengo zima tumebaki familia mbili, sisi na mzee wa ghorofa ya chini ambaye hasikii, kwa hiyo kwake hakuna vita. Isitoshe, dada, unatuita tukimbie mabomu kwa kusogea karibu na kitu chenyewe kinachopigwa! Nimefundisha jiografia miaka thelathini. Nilifungua ramani nikacheka peke yangu.

Wali haukuwa unapoa. Mvuke niliuona kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Esfandiar


Ghamsar
Jumatano, 28 Khordad

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mmelala? Mmekula? Mie mzima, na ningekuwa mzima zaidi kama ningepata pa kukaa kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Sikiliza. Jana nilikwenda na pikapu kupanga foleni ya petroli. Mbele yangu gari la Tehran: mume, mke, bibi kizee na kasuku kwenye tundu. Nikasema kama angesema mtu yeyote mwenye adabu: karibuni kwangu. Wakajibu asante, wakawasha gari wakanifuata! Mara ya kwanza, Esfandiar! Hata kujiuma midomo kidogo hawakujiuma. Nilikuwa naendesha huku nawatazama kwenye kioo nisiamini. Halafu wakapigia simu ndugu zao kabla mitandao haijakatwa yote, na sasa tuko kumi na mmoja.

Lakini nikwambie kweli, sijacheka hivi tangu mama afariki. Kasuku amejifunza mlio wa bomu. Anasubiri watu wamenyanyua vikombe vya chai, ndipo anaupiga. Wanaume wanapigana vita vyote jamvini kwangu: mmoja anasema Marekani itaingia, wa pili anasema ikiingia Ghuba nzima itawaka, wa tatu anasema tafadhali nipisheni nifikie ukoko. Mke wa yule wa kwanza ni mjamzito, anakula limau na chumvi mchana kutwa na kuwaambia wote wanyamaze.

Unaogopa sumu ya mitambo? Redioni wamesema hakuna iliyovuja. Na mimi nimewakagua kuku. Wanataga yai moja moja, na hakuna lililotoa mwanga.

Nasema tena, njooni. Chumba cha juu nimekifunga, sijampa mtu. Bibi kizee alikiulizia, nikamwambia kina panya, Mungu anisamehe.

Dada yako,
Talat


Tehran
Alhamisi, 29 Khordad

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa jeshi lako lote. Kasuku huyo mfunikeni kwa shuka.

Chumba mpe bibi kizee, dada, usijitie dhambini kwa ajili yetu. Sisi tuko sawa kabisa. Jana kioo cha sebuleni kilishuka chote, lakini kwa joto hili si vibaya, hewa inapita. Tunalala koridoni, mbali na madirisha. Mgongo wa Mehri unasema unapenda sakafu. Mehri amefungasha mkoba na kuuweka mlangoni, si kwamba tunakwenda popote. Na mimi nimetia petroli, lita ishirini na tano kwa foleni ya saa tano, si kwamba tunakwenda popote.

Hatutaki kuwa mzigo kwako, dada. Wewe jitunze.

Mdogo wako,
Esfandiar


Ghamsar
Jumamosi, 31 Khordad

Esfandiar,

Salamu. Natumaini hamjambo.

Ghodrat amenipa barua yako jana, nimeisoma mara nne. Nimekualika mara tatu. Ijumaa kwa simu, Jumapili kwa barua, Jumatano kwa barua. Mtu hukataa mara ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa haya. Akikataa ya tatu, amekataa. Nimekuelewa. Hujanisamehe, na ni haki yako.

Sitakusumbua tena. Chumba cha juu nimempa bibi kizee. Nilipokuwa nafagia nililia, akadhani nawaogopa panya.

Mungu awalinde. Nakupenda, hata kama hutaki kujua.

Talat


Tehran
Jumapili, tarehe 1 mwezi wa Tir

Dada, dada yangu,

Barua hii sitampa Ghodrat. Utaelewa kwa nini.

Mara tatu? Ile simu ya Ijumaa nilisikia "haloo" na mkwaruzo, basi! Sikujua hata ni nani. Mwaliko ule sikuupata, kwa hiyo sikuukataa. Kwangu mimi umenialika mara mbili, nami nimekataa mara mbili kama tulivyolelewa, na tangu Alhamisi nimekaa juu ya kiti mlangoni, viatu miguuni, nangoja mwaliko wa tatu! Kila pikipiki ikipita nachungulia. Mehri ameniambia, "Wewe mzee, watakuzika na adabu zako." Nikamwambia angoje, dada yangu ataandika, namjua. Ndipo jana jioni Ghodrat akaleta hii ya kwamba umenielewa.

Nimekaa nayo nikijiuliza nikujibu nini kisiwe cha aibu. Na leo asubuhi redio ikasema Marekani imeingia, imepiga mitambo ya Fordow, Isfahan na Natanz. Mtangazaji aliposema Natanz, nilisimama. Sikukumbuka jiografia yoyote. Nilikukumbuka wewe unanishika mkono kuvuka mfereji wa maji shambani, unanikaripia nisitazame chini.

Nikajua nikiendelea kungoja kubembelezwa, siku moja watanikalisha upande wa juu wa jamvi kwenye arobaini yako, na sitakuwa na wa kumkatalia.

Kwa hiyo nasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote tangu nizaliwe. Hujanialika, na nakuja. Nataka kuja. Nina hofu, Mehri ana hofu, na nimekukumbuka mno. Najua njia inapita Qom, na Fordow iko hapo hapo. Ipite tu. Tukikosa chumba tutalala na kuku.

Nipokee, dada.

Mdogo wako,
Esfandiar


Ghamsar, jikoni
Jumatano, 4 Tir

Mdogo wangu,

Umelalaje? Nasikia unakoroma, kwa hiyo najua, lakini barua haianzi bila kuuliza. Hii naiweka chini ya kikombe chako cha chai.

Jumapili ulinipa barua getini kama tarishi. Nikaisoma yote hapo hapo, wewe umesimama juani na mkoba, Mehri anakufinya, watu kumi wanachungulia madirishani. Nilipofika mwisho nikakimbilia jikoni. Bibi kizee ndiye aliyewakaribisha ndani, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa naosha uso, mpumbavu wewe. Nikiosha, unalowa tena.

Siku hizi tatu nyumba imejaa hata pa kuweka mguu hapana, nami nimekuwa msichana. Umewashinda wale mabwana wa jamvini kwa hoja na kwa ukoko. Mehri na yule mjamzito wamechagua majina sita ya mtoto na kugombana kwa yote. Juzi mlipokuwa mnaimba huku mkichambua maharage, milima ilinguruma upande wa Natanz, mkanyamaza, halafu ukaanza tena kuimba wewe, kwa sauti yako mbaya ile ile. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hiyo.

Sasa tangu jana wametangaza kusimamisha mapigano. Kila upande unasema umeshinda, na bila shaka kila upande unahesabu makombora yaliyobaki. Kama imekwisha au imepumzika tu, hakuna anayejua. Wageni wanarudi Tehran leo, magari yameshapakiwa.

Na usiku wa kuamkia leo nimewasikia wewe na Mehri mkinong'ona kwamba mmenisumbua vya kutosha, kwamba nanyi mwondoke.

Esfandiar, nina miaka sabini na moja. Sina tena muda wa kualika mara tatu. Sasa nakwenda kuwaaga wageni barabarani, na ninaogopa kurudi nikute uwanja mtupu. Kwa hiyo naandika mara moja, bila adabu, na ukikataa nitajua umekataa. Kaeni. Kaeni mpaka peasi ziive, na zikiiva kaeni mzile.

Dada yako,
Talat


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Dada,

Tunakaa.

Mdogo wako