Mkono wa Mama Mkubwa Atija

Jumatatu, 2 Septemba

Skripti imekufa tena saa tatu asubuhi. Kompyuta ilijaa, ikaganda, nikaizima kwa kidole. Mara ya nne. Ilikuwa inataka kubeba picha zote mia tatu kwa mpigo. Nimeiandika upya, ichukue mkanda mwembamba wa kila picha kwa zamu, kutoka juu hadi chini. Sasa inapumua.

Kazi yenyewe ni hii. Kamera ilifungwa juu ya paa la gari, ikapiga ufuo ule ule bila kutikisika. Skripti yangu, programu fupi niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, inatazama kila nukta ya mchanga katika picha zote na kuchukua rangi ya katikati. Aliyepita mara moja anafutika. Unabaki mchanga mtupu. Bahari tunaiacha iende. Juu ya mchanga huo programu ya filamu itasimamisha gati, mabomba na matangi ya gesi, yaonekane yamekwisha kujengwa. Filamu itaonyeshwa kijijini kwenye mkutano, kabla watu hawajatia saini kukubali mradi.

Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi huu. Chefe Nelson, mkubwa wetu kutoka Maputo, amesema filamu ikipita nitaajiriwa. Isipopita hakusema. Nimekiwaza hicho ambacho hakusema siku nzima.

Nimekula peke yangu. Wenzangu hutoka pamoja. Hawajanifukuza, hawajaniita.

Jumanne, 3 Septemba

Mawimbi yanaruka mbele na nyuma. Nililaumu kamera. Kumbe kosa langu: skripti inapanga picha kwa majina, si kwa namba. Ya kwanza, ya kumi, ya mia, ndipo ya pili. Nimeongeza sufuri mbele ya namba. Mawimbi yametulia. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sikumwambia mtu.

Sina wa kumwambia hata hivyo. Rafiki yangu mmoja alivuka mpaka wa Namoto mwaka jana, sasa anauza simu Mtwara, Tanzania. Hapigi.

Jumatano, 4 Septemba

Imemaliza bila hitilafu. Wavuvi wamefutika, mbuzi wamefutika, wanawake wenye ndoo wamefutika. Amebaki mtu mmoja.

Mwanamke. Ameketi mchangani, mbele yake pana doa kubwa la rangi ya fedha. Hana mkono wa kulia. Hakuna jeraha, hakuna kitu. Bega, kisha mchanga.

Niliruka kitini. Mimi ni mwoga, najijua. Nikaendesha skripti tena. Yuko pale pale. Hana mkono.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefungua picha za asili moja moja. Doa la fedha ni dagaa walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Mwanamke anawalinda. Mkono wa kulia una fimbo, unafukuza kunguru, hautulii, kwa hiyo skripti imeufuta. Mwili umetulia tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo skripti imeuhesabu kuwa mchanga.

Skripti haina kosa. Nimepitia kila mstari.

Halafu nikakuza picha. Beseni la bluu lililozibwa kwa lami. Uso mweupe kwa msiro, unga wa mti wanaojipaka wanawake wa huku. Ni Mama Mkubwa Atija, dada ya marehemu mama. Ndiye aliyenilea.

Miezi miwili sijaenda kwake, na ni saa moja tu kwa pikipiki kutoka hapa Palma. Kijijini wananiuliza watahamishwa lini. Sijui. Wanaamini najua na ninaficha. Ofisini mimi ni kijana wa pwani, kijijini mimi ni mtu wa kampuni. Nikajikalia chumbani.

Ijumaa, 6 Septemba

Chefe ameiona. Aliucheka mkono uliopotea. Kisha akasema wazi kwamba mtu hawezi kubaki hapo. Niende kesho na dereva, niweke gari kwenye vigingi tulivyochomeka mara ya kwanza, lisimame pale pale, nimwombe yule mama ainuke dakika kumi, tupate mchanga wake.

Sikumwambia yule mama ni nani. Nilisema sim senhor, ndiyo bwana.

Jumamosi, 7 Septemba

Aliniona toka mbali. Hakuinuka.

“Aaa, mtu wa kampuni! Leo umeikumbuka njia?”

Nikamshika mkono, nikamsalimu shikamoo. Nikaeleza. Tunataka picha ya mchanga, bila mtu.

“Mchanga bila mtu mnaupeleka wapi?”

Nikasema ni dakika kumi tu.

“Kunguru hawajui dakika, baba. Kaa wewe. Mie nikatie udhu, adhuhuri hiyo inaingia.”

Akanitia fimbo mkononi, akaenda zake. Sikuweza kumbishia. Sijapata kumbishia tangu nizaliwe. Dereva juu ya gari hakuwa na habari, akabonyeza kamera. Nilijua inanitazama. Nikakaa wima, sikupepesa. Kunguru wakatua, kwanza wawili, kisha wengi.

Aliporudi aliwafukuza kwa kanga.

“Umekaa kama kigingi! Wamekudharau mpaka wamekukalia miguuni. Mkono huo Mungu kakupa wa kushikia kalamu tu?”

Akacheka hata akakohoa. Akanifungia dagaa wa kuondoka nao. Hakuuliza neno juu ya kuhama. Heri angeuliza.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeendesha skripti juu ya picha za Jumamosi. Mchanga safi, dagaa, na mimi. Mzima. Mikono miwili, fimbo mapajani. Mama Mkubwa alipoteza mkono. Mimi sikupoteza kitu, kwa sababu sikufanya kitu.

Chefe aliitazama. Nikangoja anifukuze. Akasema muda umekwisha, tutumie zile picha za kwanza, kisha nisimamishe tangi juu ya yule mama. Tangi ni kubwa, linamfunika yeye na dagaa wake wote. Ni namba moja tu ya kubadilisha kwenye skripti, mahali tangi linaposimama.

Nimeibadilisha. Hakuna anayeonekana. Chefe kanipiga begani. Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi, kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 10 Septemba

Mimi ndiye nitakayesema katika filamu. Hakuna mwingine ofisini anayejua Kiswahili cha huku. Chefe alinipa maneno kwa Kireno, nikayatafsiri, nikayasoma mbele ya kipaza sauti. Mstari wa tatu: “Hapa hapakai mtu. Ni ufuo mtupu unaongoja kazi.”

Nilisoma vizuri. Mara ya kwanza tu, hatukurudia.

Chumbani nikakaanga wale dagaa. Nikashindwa kuwala.

Alhamisi, 12 Septemba

Filamu inatolewa leo, kompyuta iunganishe picha zote ziwe kitu kimoja. Kazi ya saa sita kwa kompyuta hii.

Nilisogeza tangi hatua kumi kaskazini. Nikamwona Mama Mkubwa ametokea. Nikalirudisha. Nikaenda kunywa maji. Nikalisogeza tena. Nikakosea namba mara mbili. Kisha nikabonyeza, nikakaa kwenye kiti mpaka ikaisha, nisije nikainuka nikaifuta.

Chefe alitazama mwanzo na mwisho. Ana mambo mengi. Akasema muito bem, vizuri sana.

Yule mama ni mdogo sana pale, ukubwa wa punje ya mchele. Asiyemjua hamwoni. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini kijijini hakuna asiyemjua.



Ijumaa, 13 Septemba

Darasa la shule, baada ya sala ya Ijumaa. Madirisha yamezibwa kwa turubai, filamu ukutani. Watu wamejaa hadi mlangoni. Mwakilishi wa serikali mbele, karatasi za saini mezani. Mama Mkubwa safu ya pili. Mimi nyuma, karibu na waya wa projekta.

Matangi yakatokea. Watu wakaguna. Sauti yangu ikasema hapa hapakai mtu.

“Na yule nani?” Mwanamke mmoja.

“Wapi?”

“Kando ya lile pipa lao. Si Atija yule?”

“Ndiye! Beseni lake lile!”

“We Atija, mkono umeuza?”

Darasa zima likacheka. Nami nusura nicheke. Sauti yangu ikaendelea, ufuo mtupu unaongoja kazi, na kicheko kikakatika. Wakageuka kunitafuta. Walikuwa wamenijua kwa sauti.

Mama Mkubwa akainuka. Akapita katikati ya mwanga wa filamu, akanyanyua mkono wa kulia. Kivuli chake kikafunika tangi na gati.

“Huu hapa. Na pale ndipo ninapokaa, na mama yangu alikaa pale. Andikeni.”

Mwakilishi wa serikali akaomba turubai zitolewe. Akamuuliza Chefe mbona imesemwa hapakai mtu. Chefe akajibu kwa Kireno kirefu. Karatasi hazikutiwa saini. Wiki ijayo watakuja kuandika majina ya wote wanaofanya kazi ufuoni, ndipo mkutano utaitwa tena.

Garini Chefe aliniuliza swali moja, kama nilipima mahali pa lile tangi kabla ya kutoa filamu. Nikasema nilipima. Hakunitazama tena hadi Palma.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimerudisha ufunguo na kitambulisho. Chefe alisema mimi ni mwangalifu mno, siwezi kufanya kosa la namna ile kwa bahati mbaya. Hakukasirika. Alionekana amechoka. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kula.

Nilidhani woga utaisha. Haujaisha. Nimefunga mizigo. Begi moja.

Jumamosi, 21 Septemba

Niko kwa Mama Mkubwa. Hajasema lolote juu ya sauti yangu katika filamu. Siku ya kwanza aliniwekea chakula na kunipa kisogo. Jana alikaa nami tukala.

Alhamisi walikuja kuandika majina. Lake ni la saba. Tutahamishwa au hatutahamishwa, bado sijui, na sasa wanaamini kwamba sijui.

Leo adhuhuri alinitupia fimbo, akaenda kusali. Upepo kidogo. Dagaa karibu wamekauka. Vigingi vya gari bado vimesimama pale juu, hapakuwa na gari.

Kunguru walikuja. Niliwafukuza wote. Naandika polepole, bega la kulia linauma.