Swali Ambalo Sikumuuliza Kaka Yangu

Barisa,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kuchungulia barabarani kana kwamba kuna mtu ninayemsubiri. Hakuna. Ni Jumatano, saa tisa alasiri. Garsen imejaa vumbi, na abiria wa basi la Lamu wanagombania nafasi ya mizigo. Kesho ni baraza. Nataka uyajue yaliyotokea tangu uondoke, na nitayaeleza kwa mpangilio ulionidai siku zote: nani, wapi, lini, bila mapambo.

Kwanza, sikuwahi maziko yako. Ulifariki Malindi alfajiri, ukazikwa kwenu alasiri ya siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa Kipini nikirekodi wavuvi, simu imeisha chaji. Nilipofika, watu walikuwa wanatawanyika. Sikulia. Niliuliza saa uliyokata roho na umri wako, nikaandika, ikasomwa katika habari za jioni. Umri niliukosea kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyenisahihisha, hata ndugu zako. Jambo hilo linanisumbua kuliko inavyopasa.

Pili, baraza letu nililiharibu.

Unakumbuka tulivyolianzisha, mwaka ule ambao Waorma na Wapokomo waliacha hata kusalimiana sokoni. Wewe Muorma, mimi Mpokomo, kinasa sauti kimoja na viti vya kuazima kanisani. Kila Alhamisi kijiji kingine: wafugaji upande huu, wakulima upande ule, na Jumamosi mazungumzo yanakwenda hewani. Sheria ilikuwa moja, na ilikuwa yako. Swali gumu la Waorma utauliza wewe. Swali gumu la Wapokomo nitauliza mimi. Ulisema, "Dada Rehema, mtu akiulizwa na wa kwao anajibu. Akiulizwa na jirani anajitetea." Mimi niliona ni ujanja mzuri wa redio. Sikuelewa kwamba ndiyo nguzo ya kazi yote.

Wiki tatu baada ya maziko yako tulikutana hapa Garsen. Kulikuwa na kesi ya mjane wa Idsowe ambaye mahindi yake yalilishwa ng'ombe yote, hadi mabua. Hapakuwa na wa kuuliza upande wenu, basi nikauliza mimi. Nilisimama mbele ya Mzee Guyo wa wafugaji wenu, unayemjua, nikasema: mifugo ile ilichungwa na nani? Nilikuwa na ushahidi, nilikuwa nimezipima nyayo. Mzee akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe mama ya redio. Hii swali, Barisa akiuliza, mimi nasema jina. Wewe nikikujibu, nimeuza mtoto yangu kwa Pokomo." Akachukua fimbo yake. Wote wakainuka nyuma yake. Upande wetu kuna mtu akapaza sauti, "Nendeni, mkalale na ng'ombe wenu!" na kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha utani tuliouzoea. Jumamosi hiyo tulipiga muziki saa nzima.

Vuli imetupita bila mvua, Barisa. Mifugo imeshaanza kushuka deltani. Wote wanaelekea kwenye malka ya Idsowe, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na unajua malka ile ilivyo sasa. Wakifika wakakuta imezibwa, watapita mashambani, na watakaokutana nao huko watakuwa na mapanga. Tumewahi kuripoti hayo, mimi na wewe. Sina haja ya kukukumbusha tulichohesabu.

Nilikwenda kumwona Hadija. Yuko edani, hatoki, akanipokea chumbani. Mke wako amekonda lakini macho yake ni yale yale, yasiyokuachia nafasi. Nikamweleza baraza lilivyovunjika. Nilitaka anipe jina la mtu wenu wa kukaa kwenye kiti chako. Akanimiminia chai ya maziwa, kisha akasema, "Rehema, Barisa alikuwa akirudi Alhamisi anavua viatu pale mlangoni, anasema: leo pia Rehema hakuuliza."

Nikamwambia sielewi. Nilielewa.

Akasema, "Mimi nilimwambia, basi muulize wewe huyo kaka yake. Akanijibu, si zamu yangu."

Barisa, kwa nini hukuniambia? Najua kwa nini. Lakini miaka yote ile, ukikaa kando yangu, ukishika maiki, ukiwabana watu wako mpaka binamu zako wakaacha kukualika harusini! Na mimi nikiwauliza wangu kuhusu mitumbwi, kuhusu mipaka ya mashamba ya watu wengine. Malka ya Idsowe iko hatua mia moja na kumi kutoka nyumba ya mama yangu. Aliyeiziba ni Komora, kaka yangu wa kunifuata. Mwaka wa kwanza alipanda mahindi, nikajiambia ni ya msimu, yatavunwa, njia itafunguka. Mwaka wa pili akapanda migomba. Mahindi ni mgeni. Mgomba ukishapandwa, mwenye nao ameshahamia. Wewe uliiona. Siku moja tulipita pale na pikipiki, ukasema tu, "Migomba hii inakaribia kuanza shule." Nikacheka. Nikadhani umefanya mzaha.

Alhamisi iliyopita nililipeleka baraza Idsowe. Waorma walikuja wachache, wakasimama mbali, hawakutaka viti. Mzee Guyo alikuwepo. Sikutoa hotuba. Niliwasha maiki, nikaenda moja kwa moja hadi alipokaa Komora.

"Komora, migomba iliyo kwenye malka ni ya nani?"

Akacheka. "Dada, si wajua? Ndizi zake si umekula?"

Watu wakaangua kicheko, na kweli nimekula. Krismasi mbili, mkungu mzima umeletwa nyumbani kwangu. Nikasema kwenye maiki, na imekwenda hewani hivyo, "Ndiyo, nimekula. Ni ya nani?"

Kicheko kikaisha. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, ameshika leso mdomoni. Komora akatazama chini.

"Yangu."

"Na kabla yako palikuwa na nini?"

"Njia." Halafu akainuka, sauti ikampanda. "Lakini wewe ni dada yangu au ni askari? Ungekuja nyumbani! Miaka yote hiyo unapita hapo na mashine yako, hukuona? Leo ndiyo umeona, mbele ya hawa?"

Sikuzima maiki. Ana haki ya swali hilo. Mzee Guyo akasogea polepole, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, upande wa Wapokomo. Wenzake wakasita, kisha nao wakaketi. Hakusema kitu kuhusu mahindi ya mjane. Aliuliza kwa Kiorma kama wiki ijayo kutakuwa na baraza, na mkalimani alipomaliza, akaongeza kwa Kiswahili, "Mimi nitakuja na mtu ya kuuliza sisi."

Hayo ndiyo mapya. Nisiyapambe: hakuna kilichotatuliwa. Mama hapokei simu zangu. Shangazi amesema nimemvua nguo kaka yangu sokoni. Mifugo, kwa habari nilizopata asubuhi, iko mwendo wa siku mbili. Komora ametuma ujumbe mmoja tu: migomba ataiondoa, ila mgomba wa kwanza nikaukate mimi, mbele ya watu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza.

Mwandishi haingii ndani ya habari yake. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha wengine. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi, nikiketi na kuinuka. Sijui kama Komora atalishika neno lake. Sijui kama mifugo itasubiri. Sijui huyo atakayeletwa na Mzee Guyo ni nani, na kama atathubutu kuwabana watu wake ulivyowabana wewe.

Dua zenu sizijui vizuri, na za kwetu hukuziomba. Basi nakuaga kwa maneno ya kawaida: pumzika, ndugu yangu, na unisamehe zile Alhamisi nilizokufanya usubiri. Swali la watu wako sitaligusa tena, lina wenyewe. La kwetu nitaliuliza kila litakapokuwepo, hata mlangoni kwa mama. Na kesho saa nne nitakuwa Idsowe na panga na jembe. Nitakata, kisha nitachimba mpaka kwenye mashina niyang'oe yote, maana mgomba ukiukata juu tu, mwezi haupiti umechipua.

Rehema