Nilikuambia Upunguze Vidonge

Dada Subi,

Nimekaa kwenye stoo ya ndoo na mafagio, ni saa ya chakula cha mchana, na karatasi hii nimeiomba kwa yule mama wa mapokezi. Nilianza kuandika "habari za huko" nikakata, maana nitakuwa nakuuliza kitu usichoweza kunijibu. Basi naanza na langu. Mimi si daktari. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Napiga deki.

Hospitali ipo, hapo sikukudanganya. Ni ya mtu binafsi, iko pembeni ya Johannesburg, na kweli ni ya wagonjwa wa akili. Nina miaka minne hapa. Kabla ya hapo nilibeba zege, nikachimba mitaro ya mabomba, nikalinda gereji ya Mhindi. Sasa asubuhi napiga deki korido na vyumba vya wadi ya wanawake, saa tano nakusanya mashuka, mchana nasukuma toroli la vyombo. Goti la kulia limeanza kukataa. Madaktari wakipita nanyanyua dekio juu ili wasiloe viatu. Hiyo ndiyo kazi yangu na madaktari.

Unakumbuka harusi ya binamu yetu Lusajo pale Mpuguso. Wewe ndiye uliyenipigia simu, ukampa MC, naye akaiweka kwenye kipaza sauti ili nisalimie ukumbi. Nikasalimia. Halafu akaniuliza, "Na huko ng'ambo unafanya kazi gani, ndugu yetu, tujue makofi tuyapige ya kiasi gani?" Watu wakacheka, kisha turubai zima likanyamaza linisikilize. Nilikuwa nimekaa nje miaka saba, Dada. Vijana niliosoma nao wamejenga, mmoja ni mwalimu pale Tukuyu mjini. Na mimi mkononi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vioo.

Nikisema daktari wa macho, nilijua kesho yake baba mdogo angeniuliza macho yake. Wa meno, wa moyo, wa watoto, hao wote wana wateja kwetu. Lakini akili? Kwetu mwenye ndugu wa namna hiyo humtaja kwa sauti ya chini, au hamtaji kabisa. Nikaona hapo nitakuwa salama, hakuna atakayeniuliza kitu. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, nimesomea huku huku. Nikasikia vigelegele. Nakuapia nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Baadaye ulienda pembeni na simu ukanicheka. "Gwakisa, wewe? Wewe uliyeshindwa robo na nusu?" Nikakujibu kwamba watu hubadilika. Ukasema, "Haya, Dokta." Tangu siku hiyo hukuniita tena kwa jina langu.

Mpaka leo sijui kama uliniamini. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya kwa punje za mahindi sakafuni, unazisogeza mbele yangu na mimi nasinzia. Wewe ndiye uliyebaki nyumbani baada ya darasa la saba ili mimi niende sekondari, na bado nikaacha kidato cha pili. Hakuna mtu duniani aliyejua kiasi cha kichwa changu kama wewe. Labda ulijua ni uongo ukanisitiri. Au labda ulitaka sana iwe kweli, kwa sababu ingemaanisha kwamba ile shule uliyoniachia haikupotea.

Mwaka juzi ndipo ukaanza kuumwa. Shemeji Anyosisye akanipigia, akaniambia mke wake amesimama katikati ya mistari ya chai anaongea na mama. Mama yetu, ambaye tulishamzika. Halafu ukawa hulali, ukawa unafua nguo zile zile mara tatu kwa siku, ukamfukuza mchungaji na fagio alipokuja kuomba. Shemeji alinieleza yote, moja baada ya lingine, taratibu, kama mtu anayempa fundi maelezo ya mashine. Alikuwa anasubiri nimwambie jina la ugonjwa. Nikamwambia wakupeleke hospitali ya wilaya haraka. Hilo nashukuru nililisema, ingawa nililisema kwa kukimbia.

Pale ndipo mkampata yule nesi wa kliniki ya akili, mgeni wa kutoka Kigoma, aliyepanga chumba mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu. Ulinieleza habari zake wewe mwenyewe ulipopata nafuu. Ulisema ana sauti kama ya kwaya ya wanaume, lakini anakuja hadi nyumbani kwa miguu, matope hadi magotini, kukuuliza kama unakula. Ulisema, "Huyu dada ananikagua kama mwalimu wa usafi." Ulikuwa unamcheka, lakini vidonge vyake ulikuwa unameza. Mwaka mzima ulikuwa mzima, Dada. Ulirudi kuchuma chai. Ulirudi kwaya.

Halafu siku ile ukanipigia. Nilikuwa nimetoka kupanga mashuka. Uliniambia mikono inatetemeka, umenenepa hadi kanga hazifungi, na kwamba unachuma chai kama kuku anayedonoa, wenzako wanakupita mistari mitatu. Ukasema umemuuliza nesi, naye amekataa katakata, amesema usiguse dawa mpaka daktari wa Mbeya aje. Halafu ukasema, na nakumbuka kila neno, "Lakini mimi daktari wangu ninaye. Niambie wewe, Dokta. Nikipunguza kuna ubaya?"

Hapo ningeweza kusema. Ilikuwa inatosha kusema "sijui." Hata daktari wa kweli husema sijui, nimewasikia.

Lakini asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nadeki chumba ambamo daktari alikuwa anaongea na mama mmoja mwenye tatizo kama lako, anatetemeka kama wewe. Nilimsikia akimwambia, "Sasa unaendelea vizuri, tutapunguza." Nilisikia hilo tu, kwa sababu ndoo yangu ilikuwa imefika mlangoni na korido ilikuwa inanisubiri. Yaliyofuata sikuyasikia. Nikalibeba lile neno kama la kwangu nikakupa. "Kama unajisikia vizuri, punguza." Hata nililisema kwa sauti nzito, kama yake.

Ukasema, "Ndaga, asante, Dokta." Ulifurahi. Mimi pia nilifurahi kwamba nimejibu.

Kesho yake nilimuuliza muuguzi mmoja wa wadi yetu, kwa kuzunguka, kama vile nauliza habari za jirani. Akaacha alichokuwa anaandika. Akaniambia dawa hizo hazipunguzwi na mgonjwa nyumbani, kwamba daktari hupunguza kidogo sana kwa miezi huku anamwangalia mtu kila wiki, na kwamba wengi wakiacha ghafla ugonjwa hurudi na nguvu kuliko mwanzo. Akaniuliza kama huyo jirani ana mtu karibu. Nikasema anaye. Nikarudi kwenye ndoo.

Dada, kosa la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga mtu anaweza kusamehewa. Hili la pili sijui linaitwaje. Nilikupigia siku ya tatu, nimekusudia kukuambia rudi kwenye kipimo cha nesi. Ukapokea unacheka. Ukasema mikono imetulia, jana umejaza kikapu kabla ya mwenzako Mama Tumaini, na kwamba umewaambia wanawake wa kwaya ni mdogo wako aliyekuponya. Nikasikia mmoja wao nyuma yako anasema, "Msalimie daktari wetu." Nikasema asante. Nikakuuliza habari za mvua. Tukaongea mvua dakika tano, kisha salio likaisha.

Nilikuwa na wiki tatu za kukupigia tena. Kila siku niliona simu iko pale, na kila siku nilijiambia kesho.

Yaliyofuata unayajua au huyajui, sielewi yalikuwaje kwako kwa ndani. Uliamka asubuhi ukawaambia watoto unamfuata mama, ukatoka bila viatu kwenye mvua ya masika. Walikutafuta siku mbili. Walikukuta ng'ambo ya Mto Kiwira, umekaa kwenye migomba ya watu, kifua tayari kimejaa. Hospitali walifanya walichoweza. Shemeji anasema siku ya mwisho ulikuwa na akili zako kabisa. Uliomba ndizi za kuchoma, na ulipoletewa ulisema zimeungua. Hapo nilicheka peke yangu nikiwa nimeegemea ukuta wa hapa, kwa sababu hakuna ndizi iliyowahi kukuridhisha.

Sikuja kukuzika. Karatasi zangu za kuishi huku si nzuri, nikitoka sirudi. Nilituma salamu, na mwanao Tusekile akanitumia video ya mazishi. Niliiangalia hapa stoo. Watu walikuwa wengi, wamejaa hadi kwenye migomba ya jirani. Nikamwona mzee wa kanisa anasimama karibu na jeneza anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa. Kisha akasoma kwamba marehemu ameacha mume, watoto wawili, na mdogo wake mpendwa, daktari bingwa wa magonjwa ya akili nje ya nchi, aliyemhudumia kwa ushauri hadi mwisho. Hadi mwisho. Watu wakaitikia kwa kichwa. Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikitumaini sikusikia sawa.

Nilidhani aibu yangu ingekaa hapo, kati yangu na wewe. Lakini wiki mbili zilizopita shemeji alinipigia. Sauti yake imekauka siku hizi. Akaniambia ameshaenda kliniki akamwambia yule nesi mbele ya wagonjwa wote kwamba dawa zake ndizo zilizokuharibu, ukatetemeka, ukanenepa, ukachanganyikiwa, ukafa. Ukoo umekubaliana kupeleka malalamiko wilayani ili aondolewe. Kilichobaki ni barua yangu. "Wewe ni mtaalamu," akasema. "Wewe mwenyewe uliona zile dawa mbaya, ukamwambia apunguze. Andika hivyo hivyo, uweke na cheo chako. Wewe tutakuamini, shemeji."

Nikamwomba muda. Kisha Tusekile akanitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona. Anasema alikuona ukitupa vidonge chooni, si kupunguza, kutupa vyote, na hakumwambia baba yake wala nesi kwa sababu ulimwambia, "Mjomba karuhusu." Ana miaka kumi na saba, Dada. Alikuwa ananiuliza kama alikosea. Alimaliza kwa kusema, "Naomba unijibu kama daktari, mjomba, usinijibu kama mjomba."

Sikuweza kuandika ile barua. Kalamu nilishika, hata sentensi ya kwanza niliandika. Halafu nikamwona yule dada wa Kigoma, ambaye sijawahi kumwona, anatembea kwenye matope kuja kwako na mimi nimelala huku na cheo changu cha kwenye harusi.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia shemeji. Nikamwambia yote bila kupumzika, kazi yangu, harusi, ndoo, yule muuguzi aliyenionya, wiki tatu. Hakunikatiza. Nilikuwa nasikia kuku wenu na mtu anapasua kuni. Mwisho akasema, "Kwa hiyo wewe unafagia." Nikasema nafagia na kupiga deki. Akasema, "Na mke wangu alikuuliza, ukamjibu." Nikasema nilimjibu.

Nilitaka anitukane. Ningepata pa kuweka mzigo kidogo. Akasema tu, "Yule nesi nimemtukana mbele ya watu, na alikuwa ameinama anaandika. Hata hakunijibu." Halafu akasema maneno ambayo nayaogopa kuliko matusi: "Habari hii siibebi mimi. Jumamosi ukoo unakaa. Nitaweka simu mezani, utasema mwenyewe, wazee wote wanakusikia. Na nesi nitamwomba aje akae pale."

Nikakubali.

Tusekile nimeshamjibu. Nilimwambia simjibu kama daktari kwa kuwa si daktari, na kwamba kosa si lake hata kidogo, ni langu lote. Amesoma, hajajibu. Ana haki.

Sikuombi unisamehe, Dada. Huwezi kunijibu, nami nisingependa kujijibia kwa niaba yako, nimeshafanya hivyo vya kutosha kwa watu wengine. Nataka tu usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kwenye kikao. Wewe ulibaki nyumbani ili nisome. Ulikuwa na akili kuliko mimi, hata ulipokuwa unaumwa. Swali uliloniuliza lilikuwa la busara, na uliwahi kulipeleka kwa mtu sahihi, mwenye matope magotini. Mimi ndiye niliyekutoa kwake.

Kengele ya kumaliza chakula imelia, lazima nirudi kwenye wadi. Pumzika kwa Kyala, Mungu wetu, Subilaga, binti ya mama yetu. Nakuahidi Jumamosi sitakata simu, hata wakipiga kelele, hata mzee yule wa kanisa akilia. Nitasema jina langu na kazi yangu na neno nililokuambia. Na mtu akinishika pale pale na swali la dawa, maana yupo atakayeniuliza hata baada ya hayo, nitamwambia sijui, amgeukie nesi.

Mdogo wako,
Gwakisa