Kwa Nini Chumvi Alikuwa Akitapika

Komini ya Makiso,
Kisangani,
20 Agosti 2000

Mpendwa mwanangu Ezéchiel,

Nakusalimu kwa moyo wa upendo, wewe pamoja na Prudence na Cathy wetu. Natumaini baridi ya Butembo imewapokea kwa upole na kifua cha Prudence kimetulia. Nijulishe hali yake kwa hakika, si kwa adabu: bado anakohoa alfajiri, au kikohozi kimekwisha?

Sisi huku tu wazima. Tangu mizinga inyamaze mwezi wa Juni hatujasikia bomu lingine mjini, ingawa watu wangali wanainama kila bati linapoanguka. Ukuta wa jikoni una tundu ambalo nimeliziba kwa ubao. Inasemekana shule zitafunguliwa Septemba, lakini sehemu kubwa ya madawati yetu imekwisha kuwa kuni, na sijui nitawaketisha wapi wanafunzi wangu wa biolojia.

Barua yako niliipokea mkononi mwa Papa Yakubu, yule mfanyabiashara wa vitenge. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, kama chatu wawili wa Cathy, mlioniachia siku mliyokimbia, wangali hai. La pili, kama Papa Yakubu anaweza kuwabeba katika ndege itakayoondoka uwanja wa Simi-Simi Alhamisi. Unaongeza kwamba mtoto huulizia habari zao kila jioni, na kwamba umekwisha kumwahidi kuwa watafika. Ahadi hiyo uliitoa kabla ya kuniuliza, kwa hiyo itakubidi unisome hadi mwisho kabla ya kumwambia lolote.

Wote wawili wako hai. Sukari ana afya njema. Chumvi, yule mdogo, alikaribia sana kufa, na nitakueleza sababu yake kwa utaratibu, kwa kuwa sababu hiyo inahusu nyumba yetu yote.

Kama ujuavyo, hawa si jamii ya nguma, wale chatu wakubwa wa mtoni. Ni wale wafupi wanaojikunja kuwa mpira wakiogopa, walioletwa na lori la Bengamisa kutoka kaskazini zaidi wakiwa bado ndani ya mayai. Chatu mchanga wa aina hii hahitaji chakula kingi. Hupewa mara moja kwa juma panya asiyezidi unene wa mwili wake yeye mwenyewe, panya aliyekwisha kuuawa, maana panya hai huweza kumng'ata. Akishameza huachwa katika utulivu kwa siku mbili bila kushikwa na mtu. Jambo lililobaki ni joto. Nyoka hana moto wake mwenyewe. Joto la nje ndilo linalompikia chakula tumboni. Likikosekana, nyama huoza kabla ya kusagika, naye huirudisha.

Kwa kuwa umeme haupo, nimekuwa nikiweka chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa katika upande mmoja wa kasha, ili mnyama ajichagulie mwenyewe moto au ubaridi. Mpango huo ulimfaa Sukari tangu mwanzo. Chumvi alianza kutapika mwezi wa Julai.

Kwanza nilidhani ni baridi, nikaongeza chupa. Akatapika. Nikadhani ni hofu, kwa sababu siku za mapigano tulikuwa tukiliburuta kasha hadi chini ya meza kila mlio uliposikika. Nikalihamishia chumba cha nyuma, mahali pasipopita watu. Akatapika tena. Nikachunguza kinywa chake nisione kidonda wala ute. Ngozi yake ilikuwa imeanza kufanya mikunjo ubavuni, na uti wa mgongo ulikuwa ukionekana kama ukingo wa paa la nyasi. Mwenzake aliyekaa kwenye kasha lilelile, akipata joto lilelile, alikuwa akinenepa.

Jibu alilileta Chumvi mwenyewe. Jumatatu moja nilimpa panya mmoja. Siku iliyofuata akatapika wawili.

Wa kwanza nilimtambua: alikuwa kitoto cha panya kisicho na manyoya, nilichokitoa mwenyewe katika mtego wa ghalani. Wa pili alikuwa panya mzima wa sokoni, mwenye manyoya ya kijivu, mnene kupita kichwa cha aliyemmeza. Nikaenda jikoni, walikokuwa shemeji yako Bavon na mkewe Bibiche. Prudence anajua kwamba kaka yake huyo anaishi kwangu tangu nyumba yao iliyoko karibu na maporomoko ya Wagenia ilipopoteza paa kwa bomu. Niliuliza bila kupandisha sauti ni nani aliyempa Chumvi panya wa pili.

Bavon alimtazama Bibiche. Bibiche alitazama sufuria.

«Ni miye, Mama,» akasema Bavon. «Lakini haikukuwa kwa mubaya. Batu bote banajua, nguma ya mutajiri inatapikaka dola. Na ninyi batu ba Kivu muko ba-commerçants.»

«Miye nilimuambia,» akadakia Bibiche. «Kama ile nyoka ilikuwa na dola, Mama Virginie angekula majani ya pondu bila samaki juma nzima?»

«Wewe nyamaza, ulikuwa unashika taa.»

Niliuliza kama alimpa panya wengine kila mara Chumvi alipotapika. Akanijibu kwa uhakika wa mtu anayeeleza kazi yake.

«Mbio kabisa, Mama. Mutego ikitoka mutupu mu maji, hauiache inje ikauke. Unairudisha palepale, samaki iko njiani.»

Uelewe, Ezéchiel, kwamba hakuwa akifanya utani. Mtu huyu ni mvuvi wa Wagenia, amezaliwa juu ya miti ya mitego ya samaki, na katika kazi yake kanuni hiyo ni sahihi. Kwa tumbo lililotoka kutapika ni sumu. Asidi inayosaga nyama hupotea pamoja na matapishi, na koo hubaki limeungua. Kila panya aliyeingizwa palepale alikuta tumbo lisilo na kitu cha kumsagia, akarudi, na kuondoka na maji kidogo ya mwili. Alikuwa akimwua mnyama kwa bidii.

Hata hivyo hatari haikuwa ya nyoka peke yake. Bibiche alikuwa amekwisha kumsimulia jirani yetu, Mama Sikujua, muuza makaa. Mama Sikujua naye akausimulia mtaa. Nyumba ya watu wa biashara kutoka Kivu, yenye nyoka anayetapika dola, ni habari isiyohitaji miguu, na majuma hayo watu walikuwa wepesi wa kuchoma nyumba. Asubuhi ileile walikuwapo watu langoni. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wakaongezeka.

Nilifikiri kuwafukuza, nikaona lango lililofungwa ndilo litakalothibitisha wanachokisema. Nikalifungua, nikamwita Mama Sikujua asogee mbele. Nikaweka matapishi juu ya bati uani, palipo na jua, na kuwapasua wale panya wawili kwa wembe mbele ya kila mtu.

«Tuonyeshe ile dola, Mama Virginie,» akasema Mama Sikujua, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

«Sogea. Ukiiona ni yako.»

Akasogea. Nikafungua tumbo la panya mkubwa, nikatandaza utumbo wake kwa kijiti, nikamwonyesha mahindi aliyokuwa ameiba sokoni. Harufu unaweza kuikisia mwenyewe. Mama Sikujua alijifunika pua kwa kitenge, lakini alitazama mpaka mwisho. Nampa heshima yake kwa hilo.

«Alors, Bavon,» akasema akigeuka, «kama hii njo mali, batajiri bakae nayo. Miye nabaki na makaa yangu.»

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. Mzee mmoja aliniuliza kama naweza kumpa yule chatu wa pili akalinde ghala lake dhidi ya panya; nikamkatalia. Wakaondoka. Sidai kwamba wote waliamini. Nadai tu kwamba hakuna aliyeweza kusema hakuonyeshwa.

Bavon alibaki uani akiliondoa bati lile ili alioshe. Ndipo aliponiambia, bila kunitazama, kwamba alichokitaka kilikuwa paa tu. Sikuwa na paa la kumpa.

Tiba ya Chumvi ilikuwa kumnyima chakula, jambo ambalo kila mtu hapa nyumbani aliliona kuwa ukatili. Kwetu mgeni hakai bila kula, na mtoto aliyetapika hupewa uji papo hapo. Niliwakataza wote, nikamhamishia Sukari kasha jingine. Kwa majuma mawili alipata maji safi, joto lisilobadilika, giza na amani. Bibiche alilia mara mbili mlangoni akisema tunamwua kwa njaa. Nami sikuwa na hakika kwamba hakuwa akisema kweli. Mnyama alikuwa mwepesi mkononi kama ganda la karanga.

Kazi ya kubadilisha chupa za moto nilimpa Bavon. Si kwa sababu ya huruma. Mvuvi huamka kabla ya jogoo, na saa hiyo ndiyo kasha hupoa zaidi.

Majuma mawili yalipokwisha nilimpa Chumvi kitoto cha panya kidogo kuliko vyote nilivyopata, nusu ya kile nilichokuwa nikimpa zamani. Alikichunguza kwa ulimi kwa muda mrefu, akakimeza. Nilifunika kasha, tukangoja. Hakutapika siku ya kwanza wala ya pili. Lakini kutokutapika si ushahidi kamili, maana chakula kinaweza kukaa tumboni kimekwama. Ushahidi ni kinyesi, nacho hakikuja. Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu ili kulegeza matumbo. Hakuna kilichotoka. Juma likapita hivyo.

Leo Jumapili, nikiwa najiandaa kwenda misa, Bavon alibisha mlango wa chumba changu. Alikuwa amekishika kinyesi juu ya jani la ndizi, kwa mikono miwili, kama mtu aletaye samaki kapiteni mkubwa kutoka kwenye maji.

«Mama, angalia. Iko ngumu kidogo, nyeusi, na hapa kipande nyeupe. Ni muzuri ao ni mubaya?»

Nikavaa miwani, nikakichunguza dirishani. Kilikuwa kimeshikana, hakina damu wala manyoya yasiyosagika, na ule weupe ni mkojo wa nyoka, ambao hutoka ukiwa mkavu. Nikamjibu kwamba ni kizuri. Akakaa chini palepale sakafuni na jani lake mapajani. Tulichelewa misa, sote wawili.

Basi sasa jibu langu kwa swali lako la pili. Sukari atakuja Alhamisi. Sijamlisha juma hili kwa makusudi, kwa kuwa chatu mwenye chakula tumboni akitikiswa angani hukitapika. Akifika, asilishwe wala asishikwe kwa juma zima, hata na Cathy. Mji wenu ni wa milimani na usiku wake ni baridi kuliko huku, kwa hiyo chupa za moto zibadilishwe hata usiku wa manane. Usipoweza hilo, mrudishe kwa Papa Yakubu. Macho yake yakiwa na ukungu wa samawati anakaribia kujivua ngozi, naye atakataa chakula, usimlazimishe.

Chumvi haji. Amesaga mlo mmoja, na mlo mmoja haujengi mwili. Ndege na baridi yenu vitamrudisha pale alipotoka, na safari hii hatapona. Mwambie Cathy hivyo hivyo, kwa maneno haya haya: yu hai, amekonda, anabaki. Usimwambie kwamba atakuja mwezi ujao, kwa kuwa mimi sijui. Mtoto aliyekimbia mabomu anaweza kubeba habari ya kweli.

Prudence naye ajue kwamba kaka yake hafukuzwi. Nimemwambia nitakapotoka nyumbani yeye ndiye mwenye neno juu ya kasha lile, na kwamba mtu yeyote akitaka kumlisha Chumvi kabla ya siku yake, ikiwa ni pamoja na mkewe, amzuie. Akaniuliza kama hata mimi. Nikamwambia hata mimi.

Msalimie sana Prudence, na kaka yako Timothée ukimwona. Bibiche anawasalimu, na Mama Sikujua pia, ambaye sasa hutuletea mavumbi ya makaa bure. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi usiokatizwa, na siku moja atukutanishe mezani wote tukiwa hai.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,

Virginie Kanyere