Bia ya Kambale Mbele ya Mkwe Wake

Butembo, Jumapili baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Léonie, unayetulindia nyumba ya mama huko Kalemie,

Nakuandikia nikiwa na shali mabegani, maana baridi ya Butembo haijali umri wa mtu. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Na lile jicho la kushoto, daktari amelitazama, au bado unawaambia watu kwamba jicho moja linatosha kuwaona wajinga? Mimi nalala, naamka, nakula. Meno yaliyobaki yanasikilizana. Ningekupigia, lakini wewe mwenyewe ulisema sauti yangu kwenye simu ni kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi, basi nimeona karatasi ni afadhali. Mjukuu wako atakusomea. Asiruke pale ninapoeleza mambo, maana namjua.

Habari niliyo nayo ni moja tu, lakini ndefu, nayo inahusu pombe. Usianze kutikisa kichwa. Najua katika mambo ya pombe wewe ni profesa na mimi ni mwanafunzi wa nyuma, kwa sababu wewe ndiye uliyebaki jikoni na mama nilipokwenda shule. Lakini hii ni pombe ambayo hata mama hakuijua.

Unakumbuka nilikwambia napanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mwanawe anaitwa Kambale. Hapa Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, na Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, kwa hiyo ukiita jina hilo sokoni watageuka wanaume kumi na watano. Huyu wa kwetu alikwenda Kampala kusomea umeme, akarudi na elimu ya bia. Nyuma ya nyumba amejenga kibanda, ana sufuria mbili za chuma kubwa kuliko ngoma za kanisani, na mapipa ambayo huyafunika na kuyasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

Bia yake inaitwa pale ale, maana yake bia ya rangi hafifu, ingawa kwa macho yangu ina rangi ya chai isiyo na maziwa. Hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, kama wewe unavyofanya na mahindi yako. Tofauti yake ni houblon. Hayo ni maua ya kijani yaliyokaushwa, na ndiyo yanayotia uchungu na harufu. Yanapitia Kasindi, mpakani. Kambale anasema mara ya kwanza mtu wa mpakani alifungua mfuko, akanusa, akamtazama usoni muda mrefu, akanusa tena, kisha akamuuliza kama wazazi wake wanajua.

Aliponipa glasi ya kwanza niliitema kwenye maua ya mama yake. Nilidhani ananitibu malaria. Yaya, mimi miaka thelathini hapa nimekunywa kasiksi, pombe yao ya ndizi, na kasiksi ni tamu. Ikianza kuwa chungu unajua imeoza, unawapa nguruwe. Kambale hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, weye unakunywa hii sawa kasiksi, mbiombio. Hii hapana kasiksi. Unuse kwanza, halafu uiache mu kinywa, umeze polepole."

Basi nikawa mwanafunzi. Kila Jumamosi mchana nilinusa, nikaiacha mdomoni, nikameza polepole. Jumamosi ya tatu nilisikia harufu ya ganda la chungwa. Ya nne nikasikia tunda la marakuja, na chini yake mkate uliotoka tanurini. Ule uchungu wenyewe, nikagundua, haukuwa wa kuoza. Unakuja mwishoni, unasafisha ulimi kama mtu anayefagia ua, halafu unaondoka na kukuacha ukitaka tena. Nilimwambia pipa la pili lilikuwa na gesi nyingi mno na pipa la tano lilikuwa jepesi, kama bia iliyofikiriwa tu bila kupikwa. Aliandika yote katika daftari.

Sasa usikilize shida. Kambale anampenda msichana wa Beni anayeitwa Kahindo. Baba yake, Papa Paluku, ananunua kakao ya wakulima wa upande wa Oicha na ana depo kubwa ya kuihifadhi. Alimwambia kijana wazi: "Bière ya kampuni iko. Kasiksi iko. Hii ya tatu ni ya nini?" Alitaka Kambale afunge kibanda, ahamie Beni, apime kakao katika depo, ndipo apewe binti. Kahindo naye alishamwambia baba yake kwamba hakutaka kuolewa na mizani. Walibishana mwezi mzima. Mwishowe mzee alikubali jambo moja: Kambale alete bia yake siku ya kuja kuposa. Ikiwa ni kinywaji cha watu, aendelee na kazi yake na mke apate. Ikiwa si kinywaji, akirudi Butembo azime moto.

Na nani ataamua? Hapo ndipo nilipoingia, maana Papa Paluku alikuwa mwanafunzi wangu. Katika mtihani wa kemia aliandika kwamba mafuta na maji huchanganyika vizuri ukitikisa kwa bidii. Nilimpa sifuri, nikaisoma mbele ya darasa lote, jambo ambalo leo nisingelifanya. Mwezi wa tisa akarudia mtihani, akapita kwa shida. Alimwambia Kambale, "Ulete Mwalimu. Mutu alinipa sifuri mbele ya batu bote, huyo hawezi kunidanganya."

Unaona nilivyowekwa. Kijana alikuwa anategemea ulimi wangu, na mzee alikuwa anategemea ukweli wangu.

Kambale alipanga chupa katika kreti. Mimi nikamzuia. Nilimweleza, na nilieleza kwa kirefu, kwamba hapa pombe ya kuposa hufika katika chombo kimoja, kwa sababu familia mbili zinakuja kuwa moja. Anayeileta hunywa kwanza ili kuonyesha haina sumu, kisha wote huchota humo humo. Ukileta chupa, kila mtu anakunywa peke yake kama yuko hotelini. Alinijibu, "Mwalimu, nikiimwanga mu bidon, hewa itaiua." Nikamwambia hewa haijawahi kuua pombe ya mtu kwa siku moja. Alinitazama, akatazama chupa zake. Lakini kijana wa hapa aliyelelewa vizuri hawezi kumkatalia mzee mara mbili. Akaanza kufungua chupa, moja baada ya nyingine, huku amegeuza uso kama mtu anayechinja kuku aliyemfuga.

Bidoni, lile dumu la plastiki, niliitafuta mimi mwenyewe, na nikaiosha mimi mwenyewe, mara mbili, kwa maji moto na sabuni. Ilikuwa ya mafuta ya mawese.

Najua, Yaya. Najua umemsimamisha mtoto na unamwambia asome tena mstari huo. Najua unaikumbuka ile siku nilipotia mawese katika mtungi wa pombe wa mama, na wewe ukanikimbiza na mwiko mpaka kwa jirani. Ungekuwa hapa ungenikimbiza tena na nisingekuwa na haki ya kulalamika.

Tulipanda pikipiki mbili, bidoni imefungwa nyuma ya Kambale. Butembo ni juu na baridi, Beni ni chini na joto. Kila tulivyoshuka jua lilizidi na barabara ilizidi kututikisa. Kabla ya nusu ya njia bidoni ilikuwa imevimba kama mbuzi aliyekula maharage mabichi. Nilimpungia Kambale mkono nimwambie asimame, akadhani namsalimu, akanipungia. Ndipo kifuniko kikaruka. Povu lilimfunika yeye, dereva wake, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya sombe, ambaye alitutukana kwa Kinande kwa ufasaha mkubwa hata nikatamani kuandika.

Tulifika Beni na nusu ya bidoni. Tulikaribishwa kwa heshima, viti vikapangwa, wazee wa familia wakaketi, Kahindo akatuletea maji ya kunawa bila kuinua macho. Kambale akamimina glasi ya kwanza, akanywa mbele ya watu kama desturi inavyotaka. Nilimwona akimeza kama mtu anayemeza habari ya msiba. Kisha akanimiminia mimi.

Haikuwa na povu hata kidogo. Juu yake vilielea viduara vidogo vya rangi ya chungwa, vizuri kabisa kutazama. Nikanusa: jiko la mama, Ijumaa, samaki akikaangwa. Nikaonja. Ilikuwa ya moto, imekufa, na ilinata kwenye midomo.

Watu wote walikuwa wananitazama, na Kambale alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kusema ni nzuri. Wangekunywa, wangejua nimedanganya, na bia ya kijana ingeitwa ya uongo mpaka mwisho. Ningeweza kusema ni mbaya nikanyamaza, na kile kibanda kingezimwa. Nikasimama, nikasema, "Hii pombe ni sifuri. Lakini sifuri hii si ya Kambale. Yeye alikataa bidoni, mimi nikamlazimisha. Bidoni ya mawese niliiosha mimi. Sifuri ni yangu."

Papa Paluku alichukua glasi mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga, akavitazama vile viduara vya mafuta vikizunguka. Alivitazama muda mrefu, kama mtu aliyesubiri miaka mingi.

"Mwalimu," akasema, "ulitikisa muzuri?"

Wazee hawakuelewa, lakini yeye alicheka hadi akakohoa, mkewe akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akawaeleza wote habari za mtihani ule, swali, jibu na sifuri, na sasa ikawa zamu yangu kusomewa mbele ya darasa. Halafu akatoa hukumu: aliyeanguka hurudia mtihani, ndivyo alivyofundishwa na mimi. Tukapewa wiki mbili. Kambale alete chupa zake, na Mwalimu asiguse kitu.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukarudi. Tulisafiri kwa gari, kreti imefungwa blanketi na imekaa juu ya mapaja ya Kambale kama mtoto mchanga. Mke wa Papa Paluku alikuwa ameandaa mtungi wa udongo, mpya, uliojazwa maji baridi tangu asubuhi. Wakayamwaga, na Kambale akafungua chupa mbele ya wote, akazimimina humo polepole, povu jeupe likapanda mpaka mdomo wa mtungi na kusimama hapo. Chombo kimoja, kama desturi inavyotaka. Sikuwa nimefikiria hivyo, Yaya, mimi niliyesoma. Lilikuwa wazo la Kahindo.

Kambale akanywa. Mimi nikanywa, nikasema ukweli wangu: harufu ya ganda la chungwa, mkate, uchungu unaosafisha, ningepunguza huo uchungu kidogo kwa ajili ya wanaoanza. Nikatoa saba juu ya kumi.

Papa Paluku akanywa. Akakunja uso wote, mpaka masikio. Kambale akauliza kwa sauti ndogo, "Papa, iko mubaya?"

"Iko muchungu," akasema mzee, akanyoosha glasi. "Uniongeze. Sijamaliza kuhukumu."

Alihukumu glasi ya pili, akahukumu ya tatu. Wazee wengine nao wakaanza kuhukumu, na mtungi ukashuka. Mwishowe akaiweka glasi chini, akafuta masharubu.

"Mwalimu, weye umetoa saba sababu unapenda mutoto. Mimi ninatoa sita. Mwezi wa tisa ulinipa sita, na kwa ile sita nilijenga hii nyumba. Kambale, urudi ku kazi yako. Kahindo, uletee bakwe chakula."

Kwa hiyo harusi iko, wakishakubaliana na padri. Kambale amepunguza houblon kidogo, na mkwe wake amemtumia ujumbe kwamba asithubutu kupunguza zaidi. Bidoni imebaki kwangu. Naitumia kutunzia maji, na chai yangu kila asubuhi ina utando mwembamba wa rangi ya chungwa, unaonisaidia kukaa mnyenyekevu.

Unisalimie shemeji fundi cherehani na umwambie shati alilonishonea limenusurika na povu. Unisalimie mjane wa mjomba, na binamu yetu anayepiga kinanda parokiani. Na huyu mjukuu anayesoma, kama kweli hakuruka kitu, umpe ndizi mbili kwa niaba yangu.

Nikiwa na shali yangu na sifuri yangu, nakukumbatia,

mdogo wako,
Anselme