Nilidhani ni Harusi kwa Jirani

Mpendwa Bi Ashura, naomba msaada wako, nimekuwa nikikusoma tangu nikiwa shule ya upili na sikuwahi kufikiri kuna siku mwenye barua atakuwa mimi. Naitwa Nekoye, nasomea kilimo katika chuo kikuu hapa Kakamega, kwetu ni Likuyani, na mwaka jana nilichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ureno kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, na nikisema nilifurahi huko sijasema hata nusu.

Wacha nikueleze kwanza palivyokuwa, maana hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia. Niliishi na msichana wa huko anayeitwa Teresa, kwenye nyumba ya ghorofani, na jikoni kulikuwa na dirisha linaloangalia kichochoro ambapo watu wameanika nguo kutoka ukuta huu hadi ule, na mvua ikianza unasikia akina mama wanaitana waanue, nami naacha kitabu nakimbia kuwasaidia kama niko kwetu. Tulipata unga wa mahindi ya manjano nikamfundisha Teresa kusonga obusuma, ugali wetu, akasonga mpaka mkono ukamuuma, akaniuliza, "Na bibi yako anafanya hivi kila siku?" nikamwambia kila siku, tena macho yake yamejaa moshi wa kuni. Baridi ilipoingia walianza kuchoma barabarani tunda moja gumu la kahawia linaloota juu ya miti, wanalichoma kwa makaa jinsi sisi tunavyochoma mahindi, unafungiwa kwenye karatasi likiwa moto, unapasha nalo vidole kabla hujala. Mpaka leo nikipita kwa wachoma mahindi hapa mjini nasimama tu, sinunui, nanusa.

Bi Ashura, mimi nililelewa na kukhu, mama yake baba, kwa sababu mama alifariki nikiwa mdogo na ndugu yangu Christine akiwa bado ananyonya. Kila Jumapili nilikuwa nampigia baba simu, Christine anaipokea anampa kukhu, na swali la kukhu lilikuwa lile lile, "Huko saa hii wanapanda nini?" nami namweleza zabibu na zeituni, anaguna, anasema hivyo si chakula. Halafu ikafika wakati kila nikipiga kukhu hayupo. Leo amelala, Jumapili nyingine yuko kanisani, nyingine masikio yanamsumbua, hasikii simu. Na mimi niliamini, kwa sababu maisha yalikuwa matamu na mtu mwenye raha haulizi sana.

Siku hizo zilipoanza tu, Jumamosi moja Teresa alitaka kumwona kukhu, nikapiga kwa video. Christine akakataa video, akapokea sauti tu, na nyuma yake nikasikia ngoma na watu wengi wanaimba.

"Christine, kuna nini huko?"

"Ni harusi. Kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Wewe huwajui."

"Basi inua simu juu, tusikie na sisi!"

Akainua. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, na mimi na Teresa tukacheza pale jikoni, namwonyesha jinsi ya kutikisa mabega, tukacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake na fimbo. Nikapiga kelele kwenye simu, "Waambie hao maharusi Nekoye anawachezea!"

Niliporudi mwezi wa kwanza, baba alikuja kunipokea barabarani, akachukua sanduku langu. Nikakimbia moja kwa moja hadi jikoni kwa kukhu nikimwita, nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Baba akaja nyuma yangu. "Keti kwanza, Nekoye."

"Kukhu yuko wapi?"

"Tulimzika. Mwezi wa kumi na moja."

Kando ya nyumba udongo wa kaburi ulikuwa umeshatulia, nyasi zimeota. Ndipo nikauliza siku gani, naye akaitaja, na ndiyo ile siku ya harusi.

Baba akaniambia, "Mimi ndiye nilisema usiambiwe. Ungeacha mitihani ukuje hapa kulia, halafu? Yeye mwenyewe ndiye alitaka usome."

Nililala siku moja tu nikarudi Kakamega, na tangu hapo sijafika nyumbani wala sipokei simu za baba. Teresa naye ananipigia, anasema mwezi wa nane anakuja Kenya anataka kumwona kukhu, sijamjibu. Jumamosi ijayo ni ukumbusho, wataweka msalaba, na baba ametuma mtu aniambie mimi ndiye nitazungumza kwa niaba ya wajukuu. Nitasimama vipi mbele ya watu na mimi nilicheza?

Lakini jambo linaloniumiza kuliko yote sijalisema. Ninaikumbuka Ureno. Ninatamani ile jikoni, mvua, nguo, kicheko cha Teresa, na kila picha ninayoipenda nikihesabu nakuta kukhu alikuwa tayari kaburini. Je, ni dhambi kutamani siku kama hizo?

Ni mimi, Nekoye.

*

Nekoye mwanangu,

Pole. Pole sana kwa kukhu. Barua yako niliisoma nikiwa na chai mkononi, nikaikuta baadaye imepoa.

Tuanze na baba yako. Alikosea. Nia yake naielewa, uamuzi wake siukubali, na wazazi wenye watoto mbali wanisikie: msiba haufichwi, kwa sababu siku utakapofunuka mtoto atalia mara mbili, kwa aliyekufa na kwa aliyemdanganya. Mtu mzima huambiwa, kisha aamue mwenyewe kama atapanda ndege au atabaki. Hilo una haki ya kumwambia baba yako, tena usoni, kwa adabu. Lakini huna haki ya kumnyamazia hivi. Huyo mwanamume amemzika mama yake, na mwana wake mkubwa hapokei simu. Unataka aumie mpaka wapi?

Sasa dhambi. Hakuna dhambi hapo. Zile siku zilikuwa zako na zilikuwa za kweli. Wewe hukucheka ukijua. Ukizifuta, kukhu harudi, na utakuwa umempotezea hata kile alichokutakia. Zitamani. Kaa na hamu yako bila aibu.

Na kuhusu kucheza, binti yangu, umesahau wewe ni wa wapi? Kwenu mzee aliyeishi akashiba miaka haondoki kwa kilio peke yake. Watu wanaimba, ngoma inapigwa, wajukuu wanacheza. Siku ile wajukuu wa kukhu wako walicheza uwanjani, na mmoja wao alicheza jikoni Ureno. Tofauti ni kwamba wewe hukuambiwa unamchezea nani. Ulikuwepo kwa njia uliyoachiwa.

Haya, sasa nikugombeze, maana unastahili. Umeniandikia habari za baba, za Teresa, mpaka za jirani wa chini na fimbo yake. Christine umemwacha wapi? Hebu mfikirie. Msichana wa shule, hana mama, kukhu aliyemlea yuko kwenye jeneza hatua chache kutoka hapo, watu wazima wamemwagiza adanganye, na dada yake anamwamuru ainue simu juu. Akainua! Akakusikia unacheka. Kisha Jumapili baada ya Jumapili akatunga uongo mwingine, na uliporudi ukalala siku moja ukaondoka. Umewahi kumuuliza hata neno moja? Wewe ulidanganywa, yeye alitumwa kudanganya, na sijui mzigo gani ni mzito kuliko mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumamosi ya ukumbusho ufike na wageni. Nenda Ijumaa mchana, na mtu wa kwanza kukaa naye awe Christine, hata kabla ya kumsalimu baba kwa urefu. Ukimaliza naye ndipo umwendee baba, umwambie alichokunyang'anya. Jumamosi usimame uzungumze, na kile kisa cha kucheza ukiseme hadharani, uone kama kuna atakayekucheka kwa ubaya. Na Teresa mpigie leo hii. Mwambie kukhu hayupo. Mwezi wa nane mlete Likuyani hivyo hivyo, maana sufuria bado ipo na wa kusonga ni wewe.

Wako,
Bi Ashura

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa ukumbusho usingesubiri gazeti, jibu hili nilimsomea Nekoye kwa simu. Jumatatu akanitumia ujumbe, na amekubali niuchapishe.

"Bi Ashura, nilienda Ijumaa. Na baba bado hatujamaliza, lakini nilimwambia yote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Nilikuogopa wewe kuliko msiba wenyewe.' Jumamosi nilizungumza, na nilipofika pale pa jikoni mashangazi walipiga vigelegele, mmoja akanivuta nicheze tena, na nikacheza nikilia. Teresa naye alilia kwenye simu, anakuja.

"Lakini nilianza na Christine kama ulivyosema. Nilimuuliza, 'Siku ile nilipopiga ulikuwa umesimama wapi?' Akanipeleka nyuma ya ghala la mahindi, akasema alijificha hapo wasimwone na simu. Nikamwambia anisamehe. Nikamuuliza mbona hakukata tu. Akaangalia chini, akaniambia, 'Nilitaka kukata. Lakini ulikuwa unacheka, na hapa nyumbani hakuna mtu alikuwa amecheka wiki nzima. Nikasema wacha nisikie kidogo.'"