Tukipoteana, Kasimame Penye Sinema

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba" kisha uniulize nimekula nini, hata kabla sijakaa. Nimekula, mama. Juzi nilivuka feri nikaenda mjini, na miguu yenyewe ikanipeleka kule tulikozoea kwenda mimi nawe.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Tukitoka nyumbani Bofu asubuhi, tukivuka, wewe na buibui lako lililopigwa pasi, mimi nimekushika kidole. Hata soko la Marikiti hatujalifikia, ushaanza: "Mamangu, tukipoteana usihangaike kunitafuta. Enda kasimame penye sinema. Mimi n'takuja."

Sinema yenyewe hukuiingia hata siku moja. Ulisimama nje ukiyatazama mabango na kumsuta yule mwigizaji: "Na huyu naye, fundi wake aliishiwa na kitambaa?" Ukakaa hapo muda mrefu kuliko hata waliokata tikiti. Kisha halua kwenye duka la kona, ingali na moto, tukaila tukipita chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizopinda juu ya barabara.

Pembe zingalipo. Palipokuwa duka la halua sasa panauzwa simu. Majumba yamepakwa nyeupe na buluu, yamependeza, siwezi kukataa, lakini macho yangu bado yanatafuta zile kuta chakavu nilizozizoea. Sinema nayo ilifungwa kitambo, ikawa duka la mapazia. Lakini wewe hukuacha kupaita penye sinema, na wageni uliowaelekeza walikuwa wakirudi wamechoka, wamenuna.

Halafu ukaanza kutusahau. Mimi ukaniita kwa jina la dada yako, ukanikaribisha chai kama mgeni. Asubuhi moja tukakuta mlango wazi na buibui halipo. Kaka alikutafuta Bofu nzima, mimi nikavuka. Nikazunguka Marikiti nikiuliza kila mwenye meza ya viungo, machozi yakinitoka mbele za watu wala sijali. Niliogopa, mama. Niliogopa nisikuone tena. Ndipo nikakumbuka maneno yako.

Ulikuwa umesimama mbele ya mapazia, mkoba umeukumbatia, umetulia tuli. Uliponiona ukaniita jina langu, langu mwenyewe, ambalo nilikuwa nimeshakata tamaa ya kulisikia kinywani mwako.

"Mwanaisha! Mbona umekawia hivyo? Mie nimesimama papa hapa, kama tulivyoagana."

Nilikukumbatia pale njiani hadi watu wakatupisha. Tulipofika nyumbani, nikawa tena dada yako. Hukuniita Mwanaisha tena mpaka ulipotutoka.

Juzi nilisimama pale pale. Mwenye duka la mapazia alitoka.

"Dada, wamngoja mtu?"

"Namngoja mamangu."

Akaniletea kiti. Baadaye akaniambia anahama, kwani jumba litavunjwa. Nikakaa mpaka adhana ya alasiri, watu wakipita na mifuko yao, nikimwangalia kila mwenye buibui.

Tumepoteana, mama, na safari hii sihangaiki kukutafuta. Jumba likivunjwa, nitasimama papo hapo kwenye vumbi lake.

Allah akurehemu. Usikawie.

Kitindamimba wako